Rangi ya Kufuata Jiwe

Fundi rangi alifika saa mbili asubuhi akiwa na ndoo ya maji na brashi mpya, akaanza kazi kwa kuyalowesha mawe. Hakufungua kopo lolote. Alilowesha nguzo mbili za baraza, kisha ukanda wa mawe uliopita mbele ya nyumba kutoka chini hadi usawa wa madirisha, halafu akarudi nyuma hatua kumi na kusimama, mikono mgongoni, kama mtu anayesomewa barua.

Mwenye nyumba alitoka na kikombe cha chai. Alikuwa amestaafu kazi ya kukagua mizani sokoni, na watu bado walimwita Mkaguzi.

"Fundi, nimekuita upake, wewe unaosha."

"Sioshi, Mzee. Jiwe kavu huficha rangi yake. Likilowa ndipo unapoiona. Nyumba yenye mawe, mawe ndiyo yanayochagua, sisi tunafuata."

"Mawe yachague kwenye nyumba yangu?"

"Yachague rangi tu, Mzee. Nyumba ni yako."

Jibu hilo lilimpendeza Mkaguzi, akanywa chai yake yote akiwa amesimama palepale.

Mawe yalikuwa ya kijivu chenye umanjano, na ndani yake mlipita mishipa myembamba ya rangi ya kutu. Mke wa Mkaguzi alitaka kuta zilizobaki zipakwe nyeupe. Alikuwa ameona nyumba nyeupe kwenye kalenda.

"Mama," fundi alisema, "ukiweka nyeupe tupu karibu na jiwe hili, jiwe litaonekana kama meno ya mvuta tumbaku."

Alipaka viraka vinne vya majaribio kwenye plasta, kila kimoja ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, vyote vikigusana na mawe: krimu, kijivu, rangi ya mchanga na rangi ya chai ya maziwa. Akaeleza kwamba vitatazamwa siku tatu, asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa sababu rangi ni kama mgeni, hujui tabia yake mpaka alale kwako. Mkaguzi alikubali siku tatu, si zaidi. Siku ya nane karani wa ardhi angekuja kuikagua nyumba kabla ya kuandika hati, na nyumba ilitakiwa iwe imekwisha kupakwa.

Siku hiyohiyo saa nane mchana, watu walipomaliza kula, jiwe moja karibu na mlango lilitoka ukutani. Lilitoka polepole bila kubomoa plasta, kama droo inayovutwa. Lilitua chini, likakata kona penye tangi la maji, likaenda kusimama mbele ya mlango wa stoo, nyuma ya nyumba. Fundi alisogeza ndoo yake ili lipite.

Stoo ilikuwa na mtu. Alikuwa dada mkubwa wa Mkaguzi, mjane, ambaye kila aliyeingia uani pale alimwita Shangazi. Alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akalitazama jiwe.

"Umechelewa," aliliambia.

Akaligeuza na kulipangusa vumbi. Nyuma yake, upande ambao ulikuwa umefichwa na saruji, palikuwa na nukta tatu zilizopigwa kwa tindo.

Nukta hizo alizipiga baba yao. Alikuwa mchonga mawe. Mwanawe wa kiume alimpeleka shule mpaka akamaliza, kisha akasema kwamba wa kiume amepata shule, wa kike atapata nyumba. Kwa miaka minne, kila alipotoka kazini, alichonga jiwe la nyumba ya binti yake na kulipiga nukta tatu, kwa kuwa hakujua kuandika jina. Alipofariki, mawe mia mbili na kumi na mawili yalikuwa yamepangwa uani kwake. Binti alikuwa mji mwingine akimuuguza mumewe. Mkaguzi alikuja na lori. Baadaye alimwandikia dada yake barua: *Nimejenga. Nyumba ni yetu sote.* Dada aliporudi, akiwa mjane na masanduku mawili, aliwekwa stoo kwa muda, kwa sababu vyumba vya mbele vilikuwa bado vinakauka. Vilikuwa vimekauka kwa miaka tisa.

Mkaguzi aliliona pengo jioni alipotoka kuvitazama viraka.

"Saruji ile walinipunja," alisema. "Fundi, ziba hapo."

Fundi aliziba kwa saruji na kusawazisha. Pengo likawa kovu la kijivu katikati ya mawe, na fundi hakuweza kuliacha hivyo. Alichanganya rangi ya kijivu na tone la manjano, akaigonga kwa sponji, kisha akachukua unyoya wa kuku, akauchovya kwenye rangi ya kutu na kuvuta mshipa mmoja baada ya mwingine, mkono ukitetemeka kidogo kwa makusudi. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kumi. Jiwe lilikuwepo. Mke wa Mkaguzi alipita akiwa amebeba nguo, akalitazama, akasema hili ndilo zuri kuliko yote.

Kesho yake saa nane yalitoka mawe saba. Keshokutwa yalitoka thelathini. Yalifuatana upande wa tangi, makubwa mbele, na kuku wakayapisha njia. Shangazi aliyapanga kando ya mlango wake kadiri yalivyofika, nukta zikitazama juu. Fundi alikuwa ameacha kupaka plasta. Siku nzima alikuwa na saruji, sponji na unyoya.

Shangazi alimfuata akiwa juu ya ngazi.

"Fundi, unaziba ya nini? Yaache mapengo karani ayaone."

"Shangazi, mimi nimeitwa kazi."

"Naona. Hata wizi una mshika ngazi."

"Mimi sishiki ngazi, Shangazi. Niko juu yake."

"Basi shuka kabla haijawa tabia." Akaegemea nguzo ambayo bado ilikuwa ya mawe. "Sikiliza. Sebule sitaki. Chumba cha mbele sitaki, usingizi wangu umeshazoea kule. Nataka jina langu liandikwe kwenye hati. Liwe juu ya lake, liwe chini yake, sijali. Nisije nikatolewa siku moja kama gunia la mkaa. Karani akiuliza, utasema ulichokiona?"

Fundi alichovya unyoya wake. "Akiniuliza, Shangazi, nitajibu."

Jioni ile Shangazi alikwenda barazani kwa kaka yake. Mkaguzi alikuwa na miwani puani na kipande cha mbao kilichopakwa rangi nne mkononi.

"Mdogo wangu, mawe ya baba yamerudi kwangu."

"Dada, mawe ni mawe. Jana yalikuwa mbele, leo yako nyuma. Mbele ni kwangu na nyuma ni kwangu. Yamerudi wapi?"

"Tulizaliwa tumbo moja."

"Ndiyo maana unalala chini ya bati langu. Hebu nitazamie, kati ya mchanga na krimu, ipi inatulia?"

Shangazi alitazama, kwa kuwa alikuwa na jicho zuri na alikuwa ameulizwa. "Mchanga," alisema, akarudi stoo.

Siku ya nne, siku ya kuchagua, yalitoka mengine zaidi ya mia, na mawe ya kweli yakabaki kama sitini, mengi kwenye nguzo. Fundi alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Alikuwa amepaka nyumba kwa miaka thelathini na moja, na siku zote rangi ilifuata jiwe. Sasa jiwe lenyewe lilikuwa rangi. Kijivu kiliyafanya mawe yake yaonekane kama maiti. Krimu ilionyesha saruji kama shati jeupe linavyoonyesha jasho. Rangi ya chai ililipigia kelele lile jiwe la kwanza karibu na mlango. Rangi ya mchanga peke yake ndiyo iliyoficha kila kitu. Ukiwa getini usingejua kipi kilichongwa na kipi kilichorwa.

"Mchanga," fundi alisema.

"Hata Dada alisema hivyo," Mkaguzi alijibu, na ikawa imepitishwa na wote.

Siku ya nane asubuhi lilitoka jiwe la mwisho, la juu kabisa kwenye nguzo ya kushoto. Lilishuka kwa kutumia ngazi. Fundi alikuwa tayari. Ilipofika saa tano nyumba ilikuwa imekamilika, kuta za rangi ya mchanga, ukanda na nguzo za mawe ambayo hayakuwapo. Alitundika kibao alichotundika kila nyumba aliyoimaliza: RANGI MBICHI, USIGUSE.

Karani wa ardhi alikuja na jalada, lakini bila kijana wa kumshikia futi, kwa hiyo Mkaguzi mwenyewe alimshikia ncha ya pili ya futi. Walipima mbele, wakapima ubavuni. Walipofika nyuma, Shangazi alikuwa amesimama kando ya rundo la mawe, amevaa gauni lake la kutokea.

"Bwana karani, nyumba hii ina mawe yangu. Baba aliyachonga kwa ajili yangu. Alama yake hii hapa."

Karani alipiga magoti, akazipapasa nukta tatu kwa kidole. Alikuwa mtu wa haki na alipenda kila jambo liwe na mahali pake kwenye fomu.

"Mama, unasema mawe ya mbele ya nyumba ni yako?"

"Ndiyo."

"Na haya ndiyo mawe hayo?"

"Ndiyo hayo. Yametoka."

Karani alizunguka mbele, akahesabu kwa kalamu hewani. Alirudi. "Mbele kuna mia mbili na kumi na mawili. Hayajapungua. Haya basi ni mengine."

"Yale yamechorwa, Bwana karani. Gusa uone."

Karani alikwenda tena mbele na kunyoosha mkono. Aliona kibao, akaurudisha mkono mfukoni. Fundi alikuwa anaosha brashi zake barazani.

"Fundi, haya ni mawe?"

Fundi alitazama ukuta wake. Mwanga wa adhuhuri ulikuwa umeangukia mishipa ya kutu, na kila mshipa ulikuwa umetulia mahali pake. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, na alijua hataifanya tena.

"Wewe unaona nini, Bwana karani?"

"Naona mawe."

"Basi."

Shangazi alikuwa amesimama pembeni ya tangi na alisikia. Alirudi nyuma, akaketi juu ya rundo.

Ilikuwa saa nane. Karani alikuwa kivulini akijaza fomu mawe yalipoanza kunyanyuka. Yalimngoja Shangazi ashuke, kisha yakajipanga kwenye uwanja mdogo kati ya stoo na ua, safu juu ya safu, bila saruji, yakiacha nafasi ya mlango mmoja na dirisha moja. Kazi ilichukua kama muda wa kuchemsha birika. Nukta zote zilitazama nje. Mabati ya stoo yalijitandaza juu, kwa kuwa kitu kilichozoea kumfunika mtu hakipendi kumwacha. Shangazi aliingiza kitanda chake, akaingiza jiko lake, akakaa kitandani mlango ukiwa wazi.

Mkaguzi alikizunguka chumba mara mbili. Alikigonga kwa fundo la kidole. Kilikuwa kimesimama wima kuliko nyumba.

"Bwana karani, fomu umeshaifunga?"

"Bado, Mzee."

"Ongeza hiki. Chumba cha nje, cha mawe. Kiko ndani ya mipaka yangu."

Karani alipima. Aliuliza kuhusu nukta, kama ni ufa au ni kitu gani.

"Urembo," alisema Mkaguzi. "Tena umezidi. Fundi, kesho utazifunika hizo. Rangi ya mchanga imebaki?"

"Imebaki nusu kopo, Mzee."

Shangazi alitoka, akamsimamia karani begani.

"Nisomee jina langu."

"Mama, hati ina mmiliki mmoja. Lakini hukusahauliwa." Karani aligeuza ukurasa, akaonyesha kwa kalamu. "Hapa, kwenye sehemu ya vilivyomo. Kitanda kimoja. Jiko moja. Dada mmoja wa mwenye nyumba."

"Huyo dada hana jina?"

"Nafasi ni ndogo, Mama. Ungeona mstari wenyewe."

Shangazi aliutazama mstari. Ulikuwa mdogo kweli.

Ilihitajika sahihi ya shahidi asiye wa familia. Mkaguzi alitazama huku na huku, akamwita fundi. Fundi alikausha mikono kwenye suruali, kidole kwa kidole, ili asichafue karatasi. Hakumtazama Shangazi, naye Shangazi hakuondoa macho yake kwake. Karani alimpa kalamu na kumwonyesha mahali. Ilikuwa kalamu nzuri, na sahihi ilitoka safi, bila doa.