Mkwe na Darubini

Fundi wa lifti alikuwa mtu wa maneno mengi kazini, bingwa wa utani, lakini mbele ya mama mkwe wake ulimi ulikuwa unaingia mafichoni. Tangu mama huyo aje kumlea mjukuu huku ugenini, kijana wa watu alikuwa anaamkia kwa adabu, anainamisha kichwa, kisha anatafuta pa kupotelea. Mama akiingia sebuleni, yeye anakumbuka kuna kitu jikoni. Mama akija jikoni, yeye yuko nje anakagua kamba ya nguo. Nyumba yenyewe ndogo, kwa hiyo kukwepana huko kulikuwa kazi ya pili.

Sasa tiketi ya mama ilikuwa ya Jumanne, na asubuhi ya Jumapili mkewe alimbana mlangoni.

"Mwombe abaki mpaka mtoto aanze kutembea. Mimi nimeomba mpaka nimechoka, anakataa na sababu hasemi. Nikirudi kazini mtoto nitamwachia nani?"

"Nimwombe mimi?"

"Si unakwenda kuangalia ndege wako? Nenda naye."

Ndivyo walivyojikuta wawili hao kwenye njia ya mashambani, mama mbele na darubini shingoni, mkwe nyuma na ombi ambalo bado hajalitoa. Wiki nzima fundi hushinda ndani ya mashimo ya lifti, shingo juu, akitazama nyaya na grisi. Siku ya mapumziko alipenda kutazama juu akaona kitu chenye mabawa.

Walikutana na mzee mmoja na mbwa wake. Mzee akasalimia kwa lugha ya huko, ambayo mama hakuwa na neno lake hata moja. Hilo halikumsumbua.

"Hatujambo, baba," akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka. "Na huyo mbwa naye hajambo?"

Mzee akacheka, akavua kofia, wakaagana kama majirani wa siku nyingi. Fundi akaona wivu kabisa. Watu wasiojua lugha moja wameelewana, na yeye anayekula chungu kimoja na mama huyu hajui aanzie wapi.

Penye kijito walikaa kwenye gogo. Uzuri wa kuangalia ndege ni kwamba anayenyamaza haonekani amenuna. Mdiria alikuwa kwenye tawi, mgongo wake wa buluu, akiyakodolea maji. Ghafla akajitupa, akaibuka na kisamaki mdomoni.

"Kampata," mama akanong'ona, amefurahi kama mtoto.

Fundi akaona ni sasa au basi. Akasema huku macho yake yako majini.

"Mama, naomba usiondoke Jumanne."

Mama akashusha darubini. "Mwanangu ndiye kakutuma?"

"Kanituma. Lakini na mimi nataka. Nikitoka kazini nikisikia unamwimbia mtoto, huwa nasimama kwanza nje ya mlango nisikilize. Uchovu wote unaisha."

Mama akamgeukia.

"Mbona hukuwahi kusema? Nikiingia, unatoka. Nikikaa mezani, wewe unakula umesimama jikoni. Nikasema moyoni, mwenye nyumba amenichoka, ila adabu zake hazimruhusu kunifukuza. Ningebakije?"

Fundi alihisi aibu mpaka masikioni. "Mama, ile ilikuwa heshima."

"Heshima," mama akarudia, kisha akaangua kicheko kilichomtimua mdiria na kisamaki chake. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na fundi, ambaye alikuwa hajawahi kucheka mbele yake, akashindwa kujizuia.

"Heshima yako hiyo ingenirudisha nyumbani nalia njia nzima," akasema akijifuta uso. "Haya, nitabaki. Lakini na wewe ubaki sebuleni, mwanangu. Nimechoka kuangalia televisheni peke yangu."