Kicheko cha Rozalia

Laionel Ashby alikuwa Mwingereza mzee, mwandishi na mtu wa majukwaani. Alipaka wanja na rangi ya midomo, nywele akazitia zambarau, akavaa magauni. Kwao alipigwa mitaani kwa ajili hiyo. Akapanda jukwaani kusimulia vile vipigo, watu wakacheka, akapata jina.

Alifika Ujiji wakati Wakongo wakivuka ziwa kukimbia vita, akapanga chumba kwa Rozalia, mjane aliyeuza dagaa sokoni Kibirizi. Waliitana kaka na dada. Jioni walichambua dagaa pamoja, wakisengenya mtaa mzima.

Telesphory, ofisa wa kambi ya wakimbizi, akamwalika Laionel. "Watu wana majonzi, mzee. Njoo uwachekeshe."

Rozalia alimshonea gauni la kitenge, akamsindikiza. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, Laionel alisimulia jinsi baba yake alivyomchapa kwa kuvaa viatu vya mama. Watu walitabasamu kwa adabu. Telesphory akamnyang'anya kipaza sauti.

"Jamani, huyu ni bwana au bibi? Tumkague?"

Vijana wakapanda jukwaani. Gauni likachanwa mpaka chini. Mzee akabaki na chupi, mbavu zinahesabika. Kambi nzima ikaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wale ambao wao wenyewe walivuliwa nguo kwenye vizuizi vya askari walipokuwa wakikimbia.

Laionel akainama kama wafanyavyo waigizaji. "Asanteni," akasema. "London walinipiga kwanza, ndipo wakanivua."

Wakacheka tena.

Garini, wakirudi nyumbani, Rozalia alimpa khanga ajifunike. Walipokaribia Ujiji, Laionel akauliza, "Dada, aliyeanza kucheka ni wewe?"

"Ilinitoka tu, kaka."

"Naijua sauti yako. Niliisikia kabla ya zote."

Kesho yake habari zilikuwa zimeshafika mtaani, majirani wakaja. Siku zote walimchukulia Laionel kama mwanamke wa aina fulani, wakanyamaza. "Sasa imejulikana ni mwanamume," wakasema. "Anafanya nini kwa mjane?"

Rozalia angeweza kuwafukuza. Akamfungia Laionel mizigo.

"Ningekuwa na mume, ningekutetea."

"Nifungie mkufu," alisema Laionel. Akamgeuzia mgongo, akainamisha shingo.

Akamfungia. Mzee akajipaka midomo, akashika njia ya stesheni, watoto wakimzomea nyuma. Hakuharakisha wala hakugeuka. Rozalia hakumsindikiza. Alifagia chumba, akafungua dirisha harufu ya manukato itoke, na mchana akamkaribisha mwalimu mmoja aliyekuwa akitafuta pa kupanga.