Lebo ya Kurumbiza

Kabla jua halijachomoza Costancia alikwishaingia mtoni hadi magotini, anamnasua kurumbiza wavuni bila kumharibia unyoya. Kifua cha rangi ya chungwa! Ndege wa milimani kwao huyu. Amefuata nini huku chini Ruaha, kwenye miwa? Mwanamke akacheka peke yake kwa furaha.

Kufika saa nne alikuwa na wanyama na ndege kumi na mmoja: panya, virukanjia, popo, na huyo kurumbiza. Akakaa chini ya turubai, akachuna, akapaka dawa, akajaza pamba, akashona. Kila mmoja akamfunga lebo mguuni: mahali, tarehe, mwaka 1993, na jina la mkusanyaji. Miaka kumi alikuwa akiandika hapo majina ya mabwana waliokuwa bado wamelala. Leo aliandika lake. Alikuwa amechoka, basi.

Daktari Stefano, kiongozi wa mradi huo wa kukusanya wanyama kwa utafiti, alifika mchana kutoka Mikumi alikolala, shati limenyooka, viatu havijui tope. Ndizo enzi zenyewe za ruksa, kila kitu kinaruhusiwa. Hata jasho la mwenzio ruksa kulichukua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akasoma lebo, akanuna. "Umekosea hapa. Wafadhili wanataka kuona jina langu."

"Sijakosea. Wewe ulikuwa Mikumi, daktari."

"Usinifundishe kazi. Zivue, uandike nyingine."

Kazi hiyo ina mwiko, na wote wawili walifundishwa: lebo ya kwanza haivuliwi. Mnyama aliyevuliwa lebo si ushahidi tena, hutupwa.

"Sivui. Mkasi huo hapo, vua wewe."

Stefano alidhani anatishiwa nyau. Akamchagua kurumbiza, mzuri kuliko wote, akakata uzi. Hapo hapo Costancia akampokonya ndege na lebo yake, akavitupa vyote kwenye jiko la chai. Pamba ikawaka. Ilimuuma vibaya sana, machozi yakamtoka mbele ya huyo huyo bwana, wala hakuyafuta.

"Ndege huyo ndiye ripoti yangu yote, nawe umemchoma!"

"Mwiko ni mwiko. Wamebaki kumi." Akamsogezea sinia. "Kata, mwanangu."

Stefano akautazama moto, akalitazama sinia. Moshi wa manyoya ulimkereketa koo. Costancia alisimama hapo hapo, mikono kiunoni, mpaka daktari alipouweka mkasi chini.