Ua na Maua

Mtangazaji alilitaja jina la wimbo wa Nzisa, lakini sauti iliyotoka redioni haikuwa yake.

Nzisa Mulinge alibaki ameshika kijiko mkononi. Katika bwalo la wafanyakazi la hoteli ile ya Diani, wapishi na wahudumu walikuwa wamenyamaza makusudi ili wausikie wimbo wa mwenzao, "Maua ya Mwarobaini", ulioshika nafasi ya pili katika chati ya nyimbo kumi bora za wiki. Badala yake akaimba mwanamke mtu mzima, sauti kavu, tulivu, nyuma yake ngoma moja tu.

"Nzisa, umezeeka lini?" Ndolo, mhudumu wa mezani, alimtania. Watu wakaangua kicheko. Nzisa akatoka nje, uso ukimwaka moto.

Chome, mtangazaji, aliomba radhi siku ile ile. Alikuwa amekosea, aliucheza wimbo wa kale wa Maimuna Bakari wa Msambweni, "Ua la Mwarobaini". Lakini maji yalikwisha kumwagika. Wasikilizaji waliutaka tena na tena, na wiki ya tatu Chome akampigia Nzisa simu.

"Kura zimekuja kwa mamia, dada, na zote zimeandikwa 'mwarobaini' tu. Ua ama maua, hatujui. Mshindi wa mwezi ndiye atakayeimba kwenye tamasha la Mombasa. Wewe ndiye msanii tunayekujua. Tukuhesabie wewe?"

Neno 'ndiyo' lilimfika Nzisa kwenye ncha ya ulimi. Miaka sita alikuwa amewaimbia wageni nyimbo za watu wengine wakati wakila. Huu ndio uliokuwa wake wa kwanza.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

Asubuhi alikwenda Msambweni, akamkuta Maimuna uani kwake, akishona makuti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Alikuwa amekwenda kulijua jambo moja tu: kama bibi yule alikuwa akijua yanayoendelea. Hakuwa akijua. Redio yake ilikuwa imekufa tangu mvua za vuli. Nzisa angaliweza kuaga na kuondoka na ushindi wake. Badala yake akauliza wimbo ule ulitoka wapi.

"Mwanangu Twaiba alishikwa na homa," Maimuna alisema bila kuacha kushona. "Mtoto wa miaka minne. Nimemchemshia mwarobaini, kafumba kinywa. Nikamwambia, hebu kwanza tuusifu huu mti, usije ukatununia. Nikaimba."

Akaimba pale pale, kwa sauti ya mtu anayebembeleza:

*Ua lako lanukia, na jani lako uchungu...*

Nzisa alisogeza kigoda karibu. Wimbo wake yeye alikuwa ameutunga kwa kupenda mlio wa neno. Mwarobaini wenyewe hakuwahi kuuonja, japo ulikuwa umejaa Kikoneni alikozaliwa. Huyu aliimba kila neno kama anayelipima joto kabla ya kumpa mtoto.

"Akanywa?"

"Kanywa, kikombe kizima! Sasa ni muuguzi Lunga Lunga, na wagonjwa wake anawaimbia." Maimuna akacheka, kisha akamtazama. "Na wako? Niimbie, basi."

Nzisa akaimba, akiona haya kwanza, kisha bila haya. Maimuna aliweka makuti chini akamsikiliza hadi mwisho.

"Sauti unayo, alhamdulillahi. Ila unaharakisha, mwanangu. Nani anakufukuza?"

Alipofika barabarani, Nzisa alimpigia Chome. "Nimetoka kwa Bibi Maimuna. Kura walizopiga watu ni za kile walichokisikia kwako. Mhesabie yeye."

"Dada, unajua unachokiacha?"

"Najua. Na umpelekee redio, yake imeharibika."

Jumamosi bwalo lilijaa. "Ua la Mwarobaini" ulitangazwa wa kwanza. "Maua" ulikuwa umeporomoka hadi nafasi ya saba. Ngoma ile moja ikaanza. Safari hii Nzisa hakutoka nje. Aliinamisha kichwa, midomo ikifuata maneno polepole, wali ukimpoea sahanini.

Ndolo alimsogelea, akimwonea huruma. "Wa saba, Nzisa. Huumii?"

"Ngoja," alimnong'oneza, akimshika mkono asiondoke. "Ngoja kwanza, ubeti wa mwisho huu. Sijawahi kuusikia."