Mafiga ya Paskazia

Jumapili baada ya misa, Paskazia alipanda basi la kutoka Misungwi pamoja na binti yake Suzana, mwiko na unga wa udaga, muhogo uliovundikwa na kukaushwa, kwenye kikapu, wakaenda Mwanza kuangalia bustani.

Bustani ilikuwa kwenye mwinuko juu ya ziwa, katikati ya majabali. Memsabu aliyeitengeneza alipenda kila kitu kilichofanywa kwa mikono: vijia vya matofali, viti vya mvule, michongoma iliyokatwa ikasimama kama kuta za vyumba visivyo na paa. Wenye mikono, waliokuwa wakiishi hapo, aliwahamishia Misungwi. Mafiga ya Paskazia aliyaona mazuri, akayabakiza, akaweka juu yake beseni la jiwe ili ndege waoge. Tangu hapo maji ya beseni yalichemka kila jioni. Ndege waliacha kuja. Memsabu na wageni wake walichota humo maji ya chai, wakasifu hewa ya ziwa.

Uhuru ulipokuja, Memsabu alirudi kwao. Bendera ilibadilishwa. Kamba iliyozungushwa kwenye beseni kuzuia watu ilibaki.

"Shikamoo mama," alisema Salehe, msimamizi mpya, mikono ikiwa mfukoni.

"Marahaba. Nimefuata figa moja tu, mwanangu. Huyu anaolewa Jumamosi. Kwetu binti hawashi jiko bila figa la mama yake."

"Mama, hayo sasa ni mali ya taifa."

"Taifa linapika?"

Suzana alicheka, akajiziba mdomo. Salehe akaeleza kwamba bustani hii ni ya kihistoria, watu wanaifuata kutoka Nairobi.

"Historia yake naijua," Paskazia alisema. "Hapo uliposimama palikuwa zizi la mbuzi."

Salehe alikagua viatu vyake.

Jua liliposhuka, maji yakaanza kutokota. Paskazia akavuka kamba, akamimina unga, akasonga. Moshi ulitoka pasipo kuni. Wageni wakasogea kuupisha, wakaendelea kusifu maua.

Ugali ulipoiva, Salehe alinawa, akamega tonge, kisha jingine. Akauliza kama hawakuja na mboga. Aliposhiba akaikaza kamba, akamwambia Suzana kwa upole kwamba akishaolewa anaruhusiwa kuja kupika hapa kila Jumapili, kama mgeni mwingine yeyote, mradi asiguse mawe.