Doa Lililopakwa Kijani

Agafia Rusnac alikuwa muuguzi wa chekechea mjini Orhei kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mchubuko uliompita bila kupakwa zelionka, ile dawa ya kijani inayowasha kidogo na kung'ang'ania ngozi kama rangi ya ukutani. Watoto wa tetekuwanga aliwapaka upele mmoja mmoja. Kwa hiyo asubuhi ya kwenda kwa daktari wa ngozi, alipokuwa akijisugua miguu ili asiende kwa watu na uchafu, doa jeusi la kwenye shavu la mguu lilipochubuka na kutoa damu kidogo, mkono ulikwenda kabatini wenyewe. Akapaka. Akapaka tena, ikolee.

Doa hilo alikuwa nalo tangu usichana. Tangu Pasaka lilikuwa limetanuka, na upande mmoja ukingo wake ulikuwa kama umeyeyuka. Aliyeyaona mabadiliko hayo ni mkwewe Viorica, mke wa mwanawe, walipokuwa wakipalilia vitunguu, na ni yeye aliyemsumbua miezi miwili mpaka akakubali. Agafia hakumwogopa daktari. Aliogopa kisu. Wifi yake Fevronia alikatwa doa begani, na kabla kiangazi hakijaanza wakamzika. Tangu siku hiyo, katika ukoo wao, kila mtu alijua kwamba doa likiguswa na chuma hukasirika.

Daktari Țurcan, mwanamke wa umri wa mwanawe, alimwomba avue nguo, abaki na za ndani tu. Agafia akasema doa lenyewe liko mguuni. Daktari akajibu kwamba huangalia ngozi yote, kwa sababu doa baya huenda likawa pale ambapo mtu mwenyewe haoni. Akaanza kichwani, akitenganisha nywele, akashuka mgongoni na kioo chake chenye taa, akaangalia hata katikati ya vidole vya miguu. Aliuliza lini lilianza kubadilika, kama linawasha, nani katika familia amewahi kuugua. Agafia alijibu huku akijikumbatia mabega. Mguu wa kushoto, wenye doa, ulikuwa wa mwisho.

Daktari aliinama, akasogeza kioo karibu.

"Nani amekupaka hii?"

"Mimi, daktari. Leo asubuhi. Lisiingie vijidudu."

Daktari akasugua kwa spiriti. Pamba ikageuka kijani, na doa likabaki kijani vilevile.

"Mama, kweli wewe," Viorica akasema kutoka kwenye kiti. "Miezi miwili nakubembeleza, halafu unamletea mtu tango."

Agafia alihisi masikio yakimwaka. Daktari hakumkaripia. Alieleza taratibu kwamba anachosoma yeye ni rangi: kahawia imeishia wapi, nyeusi imeanzia wapi, kama kuna bluu katikati. Leo haoni hata moja. Anaona kingo tu, na kingo hazimpendezi. Kuna njia mbili. Arudi baada ya wiki tatu, rangi ikishatoka; au walitoe lote leo kwa ganzi, lipelekwe maabara ya mji mkuu, Chișinău.

Wiki tatu. Agafia alilishika neno hilo kama mtu anayeshika mwimo wa mlango. Katika wiki tatu mtu anaweza kumaliza vitunguu, anaweza hata kusahau. Akamweleza daktari habari za Fevronia, zote, mpaka kaburini.

"Lilikuwaje alipofika hospitali?" daktari akauliza.

Agafia akaitazama pamba ya kijani. Ni yeye aliyekuwa akimfungua wifi yake shali. Majira yote ya baridi Fevronia alilificha chini ya sufi, na harufu ilitangulia kufika kwa majirani kabla yeye hajafika kwa daktari. Mambo hayo aliyajua siku zote. Hakuwahi kuyapanga kwa mfuatano.

"Alichelewa," akasema.

Agafia akapanda kitandani, akasema litolewe leo, akamwambia Viorica asogee karibu, amshike mkono, na asiseme chochote cha kuchekesha.

Siku kumi na mbili zilizofuata hakulala vizuri. Alichuma cheri, akasahau kuzitoa kokwa, akazipika hivyohivyo. Simu ikilia, alimwacha Viorica aipokee, kisha akamnyang'anya.

Ilipolia ile ya daktari, Agafia alikuwa amesimama jikoni. Sauti ilisema kwamba ni saratani, lakini ilikuwa bado juujuu, haijazama. Itabidi arudi Jumanne wakate kidogo pembeni, kisha atakuwa akiangaliwa kila miezi mitatu. Agafia alimwomba daktari arudie. Akarudia. Agafia akaomba mara ya tatu, na katikati ya maneno akampa Viorica simu.

"Sikiliza wewe," akasema, akavuta kiti. "Mimi nasikia 'haijazama' tu."