Komeo la Chumba cha Nyuma

Dalali alikuwa na viatu vinavyong'aa na ahadi zinazong'aa zaidi. Alisifu bati, akasifu sakafu, na alipofika chumba cha nyuma akashusha sauti kama yuko mazikoni.

"Humu ndimo alimoishi mama mzazi wa mwenye nyumba mpaka siku zake zikaisha. Alitunzwa kama yai, mama yangu. Nyumba hii ina baraka za mzazi."

"Mimi si mama yako," mshona nguo akamwambia. "Sogea nipime dirisha."

Huyu mshona nguo hakuwa mtu wa kubabaishwa. Miaka thelathini nyuma ya cherehani, wateja waliomwapia "nimepungua" huku kiuno kimefura hawana idadi. Leo alikuja na kaka yake, karani wa ofisi mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati, ambaye hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kumwona akiandika. Walitaka kuinunua nyumba kwa ubia. Kaka na mkewe wangehamia humu na mama. Yeye angebaki kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga, nyuma ya kibanda cha kushonea. Yote hayo kwa ajili ya mama, ambaye sasa alikuwa amefikia kusahau. Akitoka kwenda msalani, anaokotwa barabara kuu.

Alipomaliza dirisha akapima mlango, na hapo vidole vyake vikasimama. Komeo lilikuwa ndani, la chuma, nene kama la ghala. Akalisukuma. Likaenda, likaenda, halikuingia popote. Pete ya kulipokea haikuwepo kwenye fremu. Akatoka koridoni, na pete hiyo hapo! Imepakwa rangi mpya, imejitia hamnazo. Akapapasa ubao wa mlango, akahisi matundu manne yaliyozibwa, kama anavyohisi kiraka chini ya pasi.

Ni shati gani hili, vifungo kifuani, vitundu mgongoni?

"Dalali, hebu nifungie mlango huu kwa komeo lako."

Dalali akasukuma, akavuta, akasukuma tena. "Ah, hili kidogo tu. Fundi atarekebisha."

"Fundi alisharekebisha. Komeo lilikuwa nje, mkalihamishia ndani, pete ikawashinda. Mnadanganya, halafu hata uongo wenyewe mnauacha nusu."

Akamwacha anafuta viatu, akaenda uani. Ng'ambo ya ua dobi alikuwa anaanika mashuka.

"Dada, samahani. Yule bibi wa chumba cha nyuma ulimjua?"

Dobi akasonya. "Kumjua? Nilimsikia. Miaka minne, kila alfajiri, anagonga: 'Nifungulieni, nachelewa sokoni, wateja watanikimbia!' Soko lenyewe lilishavunjwa zamani. Mwanawe anaongeza sauti ya redio. Ukimuuliza, mama kasafiri."

"Na watu mkanyamaza?"

"Nilisema mara moja. Nikaambiwa nifue, nisifuatilie." Dobi akabana shuka kwa kibanio. "Siku ya mazishi yule bwana alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mimi. Nilimshika vizuri sana, mkono ulimvimba."

Mshona nguo akarudi ndani, akamsimulia kaka yake yote. Karani akasikiliza, akajikuna shingo.

"Alikuwa anakula?"

"Nani?"

"Huyo bibi. Chakula alikuwa anapewa?"

"Nadhani alipewa, lakini..."

"Basi." Karani akamgeukia dalali. "Hili komeo mnaweza kulirudisha nje?"

Hata dalali, mtu wa uso mkavu vile, akaangalia sakafu.

Ndipo mshona nguo alipogundua kwamba tangu waingie, kaka yake hakuuliza maji wala umeme. Alichouliza ni chumba cha nyuma kiko wapi.

"Usinitazame hivyo, dada. Wewe unashona tu, mimi ndiye ninayemkimbiza mama barabarani."

"Umemkimbiza mara ngapi?"

"Wifi yako ndiye..."

"Wifi mara ngapi?"

Karani akazishika kalamu zake, moja, ya pili, ya tatu, kana kwamba jibu limo katika mojawapo.

"Jamaa mzima," dada akasema, akikunja futi yake. "Mama alikubeba mgongoni mpaka miguu yako inaburura chini, na hakukufungia hata siku moja, na ulikuwa mtoto wa kufungiwa! Nunua peke yako. Changu hakimo."

"Dada, mkataba uko tayari!"

"Mpe dalali afutie viatu."

Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa kaka. Mama alikuwa kwenye kigoda kando ya mlango wa jikoni, akazungusha macho alipomwona.

"Wewe nani?"

"Mshona nguo."

"Aa. Kitendawili."

"Tega."

"Mwanangu hula uzi kutwa, na choo hakijui."

"Cherehani, mama."

"Umejua!" Mama akacheka mpaka akakohoa. "Tunaenda wapi?"

"Kwangu."

"Nivae viatu."

Wifi akatokea na rimoti mkononi, akauliza, hivi mama atarudishwa lini. Mama alikuwa ameshatangulia njiani, tena upande ambao sio, na mshona nguo akakimbia kumfuata, begi la nguo za mama alilofungasha harakaharaka likimpiga kiunoni.